Mwalimu aliyefundisha chini ya mvamizi: arudi darasani au ashtakiwe?

Juzi ofisini kwa walimu hapa Tukuyu tulibishana mpaka chai ikapoa. Ilianza na Ukraine. Mji wa Izium ulikaliwa na Warusi toka Aprili 2022, ukakombolewa Septemba, mji wa Kherson ukafuata Novemba, sasa umeme urudi, shule zifunguliwe, je wale walimu waliobaki wakafundisha mtaala wa Kirusi wafanywe nini? Sheria ya jinai ya kule, kifungu cha 111-1 kilichoongezwa Machi 2022, inasema aliyetekeleza mtaala wa mvamizi anaweza kwenda jela hadi miaka 3 na kuzuiwa kazi miaka 10 hadi 15.

Mwenzangu anasema sawa kabisa, na hoja yake ni nzito. Mvamizi anaanza na somo la historia na lugha, mtoto wa la pili anaambiwa nchi yenu haijawahi kuwepo, na anayemwambia ni mwalimu wake anayemwamini, sio mwanajeshi. Afu kuna waliokataa, wakawa wanafundisha kwa siri mtandaoni huku wanahatarisha maisha, leo umkalishe huyo meza moja na aliyesaini kumfanyia kazi mvamizi? Inauma jamani.

Mimi bado sikubali wote wapigwe fimbo moja. Nesi aliyebaki akazalisha wamama hatumwiti msaliti, sasa mwalimu wa hesabu aliyeshindwa kuhama sababu mama yake yuko kitandani kosa lake liko wapi? Hata Mkataba wa 4 wa Geneva wa 1949, kifungu cha 50, unamtaka mvamizi mwenyewe asaidie elimu ya watoto iendelee, na haiendelei bila mwalimu. Aliyepokea ukuu wa shule akataja wenzake kwa wanajeshi, huyo abanwe.

Hapa kwetu Waingereza walipoichukua Tukuyu 1916, enzi hizo Neu Langenburg, wamisionari Wajerumani wa Moravian Rungwe waliondolewa, baadaye Waskoti wa misheni ya Livingstonia, Malawi ya leo, wakaja kusimamia. Walimu wenyeji walikuwa wamefunzwa na Wajerumani, wangetimuliwa wote nani angeshika chaki? Najua haifanani sana, huku wakoloni wawili walipokezana, kule nchi ya watu imevamiwa. Ila ukimfungia mwalimu miaka 10, mtoto aliyeanza la kwanza 2022 anakaribia kumaliza shule, na Kherson bado inapigwa makombora toka ng'ambo ya mto Dnipro, walimu wapya wa kwenda kule utawatoa wapi?