Piga Honi Nikusikie

Najua sauti ya shemeji imeshawafikia, ile anayocheka mpaka anakohoa. Sasa na mimi nisikilizwe, maana kwenye grupu letu la Columbus, Ohio, kuna mtu ameandika kwamba tulivamia msiba. Hatukuvamia msiba.

Tulikuwa tunakwenda harusini, na kadi ililetwa kwangu kwa sababu mimi ndiye Mwalimu. Nimefundisha Kiingereza Morogoro, nani mwingine angeikagua? Wakwe zetu ni Wakongo waliokaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kabla ya kuletwa huku Marekani, jimbo la Virginia, na kazi ya kuandika walimwachia binti yao mdogo, mwanafunzi wa sekondari. Akaandika: ukumbi wa kanisa, West Main Street, Salem, "in western Virginia". W ndogo! Jina la mahali! Kalamu nyekundu ikasimama yenyewe. South Africa tunaandika kwa herufi kubwa, hawa wana nini? Nikakata ile "ern", niliona inarefusha maneno tu, nikapandisha W. Ikawa "West Virginia", safi kabisa. Namba za posta nazo nikazitoa, zilikuwa zinachafua kadi. (Nyie mnaosema ningemuuliza mtoto kwanza, mmeshaona wapi mwalimu akimuuliza mwanafunzi?)

Mkwe aliniambia tutoke alfajiri. Simu ikaonyesha safari ya saa tatu tu, nikasema huyu mzee anaendesha kama anasindikiza maiti. Bwana harusi alishatangulia tangu Ijumaa. Sisi upande wa mume tukatoka saa nne asubuhi, sufuria la pilau limefungwa blanketi na mkanda wa siti. Barabara namba 50, tukavuka mto Ohio pale Parkersburg, shangazi anasifia milima.

Salem ikatokea. West Main Street ipo. Kanisa lipo, ukumbi upo, magari yamejaa nje. Mlitaka ushahidi gani zaidi?

Tukajipanga. Mimi mbele na suti yangu ya kijivu, shangazi nyuma yangu, kina mama na kanga zao za sare. Nikasukuma mlango kwa mabega yote mawili. Vigelegele vikalipuka.

Ndani kulikuwa na wazee wa Kizungu kwenye meza ndefu, kila mmoja na karatasi yake ya bingo, ule mchezo wa namba.

Aliyekuwa anasoma namba akabaki na kidude chake hewani. Hakuna aliyepumua. Shangazi akaninong'oneza, "Wakwe wamealika majirani, hongera zao," akaongeza wimbo. Nami, Mungu anisamehe, nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye maikrofoni, nikaichukua, nikatangaza kwa Kiingereza cha Morogoro kwamba tumetoka mbali na hatuondoki hapa bila binti yetu.

Babu mmoja akamshika mkewe mkono.

Nikaangaza macho kumtafuta bibi harusi. Mabibi walikuwepo wengi. Wa harusi hakuna.

Hapo simu ikalia. Mkwe. "Mwalimu, mko wapi? Mchungaji anatazama saa." Tumeshafika baba, tupo ukumbini. "Ukumbini wapi, mbona mimi nipo mlangoni?" Nikatoka nje mbio. Baba, na mimi nipo mlangoni. West Main Street? West Main Street. Salem? Salem, baba! Akasema nyoosha mkono nikuone. Nikanyoosha mkono, barabara nzima, peke yangu. Akasema piga honi nikusikie. Shemeji akapiga honi. Kimya. "Piga tena." Akapiga ndefu, mpaka mbwa wa jirani wakaitikia. Mkwe akasema, kwa upole ambao bado unaniuma, "Mwalimu, nisomee kadi yako."

Nikaisoma. Nilipofika kwenye W nilisikia kicheko cha mtoto wa kike pembeni ya simu.

Yaliyobaki nayapitisha haraka. Ni kama saa nne kutoka Salem hiyo mpaka Salem yao, nusu ya pilau tuliwaachia wazee wa bingo kama fidia, na Virginia tuliingia magharibi imeshaingia, ndoa imeshafungwa, bwana harusi amesimamiwa na dereva wa wakwe.

Yule binti alinisubiri na sahani ya keki. "Anko, herufi ndogo ni upande tu. Kubwa ni jina." West Virginia ni jimbo jingine, lilijitenga na Virginia mwaka 1863, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. "Western" ya w ndogo ni upande wa magharibi wa Virginia hii hii. Halafu akanifungulia ramani kwenye simu, eti nione: ncha ya Virginia inakwenda magharibi zaidi kuliko West Virginia yote.

Nikamuuliza kama keki imebaki.