Mkoba wa Mama Una Kilo Tatu na Robo

Mwenye bucha iliyo chini ya ploti yetu hapa Umoja, Nairobi, alidhani nimerukwa na akili. Niliingia kwake na mkoba wa mama, sufuria ya githeri, thamosi iliyojaa chai na ndoo ya kuogea, nikamwomba anipimie kimoja kimoja kwenye mizani ya nyama. Mkoba, pamoja na Biblia, kitabu cha nyimbo na chupa ya maji: kilo 3 na robo. Thamosi: kilo 2 na nusu. Sufuria ya githeri: kilo 6 kasoro kidogo. Ndoo hakuipandisha. Akaniambia lita 10 za maji ni kilo 10, hilo hata mtoto wa nasari analijua.

Siku mbili kabla ya hapo mama alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani baada ya upasuaji wa moyo, na karatasi tuliyopewa ilisema asiinue kitu kinachozidi kilo 4. Mama ni mtu wa kufuata maagizo. Ila maishani mwake hajawahi kupima kazi za nyumba kwa kilo. Kwake kitu kizito ni mtungi wa lita 20, na mtungi huo alishaacha kuubeba tangu goti limsumbue. Sufuria ya githeri si mzigo, ni chakula cha jioni. Nilimkuta siku ya kwanza ameishika kwa mikono miwili anaiepua, na aliponiona akaniuliza mbona nimepiga kelele kama nimeona nyoka.

Sina ugomvi na waliompasua. Moyo wa mama unapiga, na kila nikiusikiliza usiku nakosa maneno ya kuwashukuru. Ugomvi wangu ni juu ya wiki zilizofuata, zilizopita katika vyumba viwili ghorofa ya tatu, maji ya mgao, bila nesi, na mimi muuza vipuri vya magari Kirinyaga Road nikiwa ndiye mkuu wa mshono.

Kazi yangu ilinisaidia kuelewa jambo moja. Ili kuufikia moyo, mfupa wa kidari unapasuliwa katikati kwa msumeno, toka chini ya koo hadi karibu na chembe ya moyo. Kazi ikiisha, pande mbili zinavutwa pamoja na kufungwa kwa nyaya zisizoshika kutu, na nyaya hizo kwa kawaida hubaki humo maisha yote. Ngozi ya juu hujifunga kwa wiki mbili hivi. Mfupa unataka wiki 6 hadi 8 ndipo ushikane, na karibu miezi 3 ndipo uaminike. Mtu akivunjika mkono tunautia plasta na kuutundika shingoni utulie. Kifua hakitundikwi popote. Kinapanda na kushuka kwa kila pumzi usiku na mchana, kinakohoa, kinapiga chafya, kinageuka kitandani. Huku nje unaona mstari mkavu, mzuri, na majirani wanasema mama amepona haraka jamani. Ndani, gundi bado haijakauka.

Kwa hiyo tulijifunza upya kuishi. Tuliinua kitanda kwa matofali manne ili asilazimike kusukuma kwa mikono anapoamka: anageukia ubavuni, anateremsha miguu, anasimama kwa nguvu ya mapaja. Mto mdogo tuliuvalisha leso kuukuu, akawa anatembea nao nyumbani kama mwanasesere. Kikohozi kikija anaukumbatia kwa nguvu kifuani kwanza ndipo akohoe. Ilikuwa Julai, mnajua baridi ya Nairobi ya Julai ilivyo, na jirani wa chini alikuwa anawasha jiko la makaa kwenye ngazi. Mto ule ulifanya kazi kuliko dawa yoyote tuliyonunua.

Haya yote yalikuwa kwenye karatasi, kwa haki yake. Kuna ambayo hayakuwamo. Siku ya tano mama alianza kulalamika kwamba mshono unavuta upande wa chini, hasa akisimama. Nikatazama, sikuona kitu. Akanyamaza, mimi nikanyamaza. Dada yangu alipofika kutoka Nakuru alielewa kwa dakika moja: mama ana kifua kikubwa, na tangu upasuaji alikuwa havai sidiria kwa sababu alidhani itamkwaruza. Uzito wa matiti ulikuwa unavuta mshono kushuka chini saa zote. Sidiria laini isiyo na waya, yenye kufungwa mbele ili asipindishe mikono mgongoni, ilinunuliwa Gikomba, ikafuliwa kwa maji ya moto mara mbili na kupigwa pasi, na maumivu yakapungua siku ile ile. Wanawake wangapi wanafunguliwa kifua katika jiji hili, halafu hakuna anayewaambia neno hili? Najua kwa nini. Daktari anaona haya kumwambia mama mzima, mama anaona haya kumuuliza, na mtoto wa kiume, ambaye ndiye anamwosha mgongo, anaona haya kuliko wote.

Kuhusu wageni nitasema kidogo tu, maana wengine watasoma hapa. Msimkumbatie mtu aliyefungwa nyaya kifuani. Msimwekee mkono juu ya mshono wakati wa maombi. Mungu anasikia hata mkono ukiwa begani. Na mkija, soda na mkate wa siagi muache dukani. Mama ana ugonjwa wa sukari wa miaka 11, na upasuaji wenyewe hupandisha sukari hata kwa mtu asiye na ugonjwa huo. Sukari ikiwa juu, chembe za damu zinazopigana na vijidudu zinazubaa, na kidonda kinakawia. Ajabu ni kwamba watu hao hao waliomletea soda walimkataza mayai na nyama, eti ana mafuta kwenye mishipa. Basi akawa anashinda kwa chai ya rangi na mkate. Nyama ya mwili inajengwa kwa nini, kwa mkate? Niliporudisha maharagwe, ndengu, omena na yai la kuchemsha, shangazi yangu aliniita pembeni akaniuliza kama nataka kumrudisha hospitalini.

Alirudi hospitalini, lakini si kwa sababu ya yai.

Upasuaji aliofanyiwa mama ni ule wa kuipitishia damu njia nyingine pale mishipa ya moyo ilipoziba, na mshipa wa kutengenezea njia hiyo ulichukuliwa mguuni. Kwa hiyo alikuwa na mishono miwili. Wa kifuani sote tuliulinda kama dhahabu. Wa mguuni, mrefu kutoka kifundo hadi karibu na goti, hakuna aliyeuuliza. Mgeni haji kutazama mguu. Mguu ulivimba, tukasema ni kawaida, na kweli uvimbe kidogo ni kawaida mshipa ukishatolewa. Siku ya kumi na sita, karibu na kifundo, kigaga kilikuwa kimelowa. Kesho yake soksi ilikuwa na doa la manjano lenye upana wa shilingi 20, na harufu.

Nikapiga namba iliyo kwenye karatasi. Ilikuwa ya mapokezi. Mapokezi wakanipeleka wadini, wadini wakanipeleka kliniki, kliniki ikalia hadi ikakatika. Nilipopiga tena, sauti ya kijana mpole ikaniuliza tarehe yetu ya kliniki. Nikasema ni baada ya siku 12. Akasema basi mje siku hiyo, msichelewe, foleni huwa ndefu.

Simlaumu. Yeye alikuwa na kalenda mbele yake, hakuwa na mguu wa mama. Hakuna aliyempa swali la kuniuliza: mama ana joto kiasi gani, usaha una rangi gani, wekundu umesambaa, kifua kinalia?

Jirani mmoja alishauri shubiri. Mwingine akaleta asali. Kemisti wa kona alikuwa tayari kutuuzia vidonge vya rangi mbili bila hata kuuona mguu, na nakiri nilishatoa pesa mfukoni. Kilichoniokoa ni tabibu wa kliniki ndogo ya mtaani, clinical officer kama tunavyowaita, aliyekataa kuandika dawa. Aliondoa kigaga, akabonyeza taratibu, akachukua usaha kwa kijiti cha pamba akautia kwenye kichupa, akapima sukari: 17, juu sana. Kisha akamketisha mama wima, akaweka kiganja chake chote juu ya mfupa wa kidari, akasema, "Kohoa, mama." Mama akakohoa. "Tena." Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema anasikiliza kwa mkono: pande mbili za mfupa zikigongana, ko, ko, chini ya kiganja, hapo nyaya zimelegea au kuna uchafu ndani, na hiyo si habari ya kungoja kliniki hata kwa saa moja. Kifua kilikuwa kimya. Lakini alituandikia barua ya kwenda hospitalini siku ile ile, akaipigia mstari mara mbili.

Mama alilazwa siku sita, dawa za mshipani, sukari ikashushwa, mguu ukasafishwa. Tulikuwa na bahati. Maambukizi yakizama hadi nyuma ya mfupa wa kidari yanaua, hata katika nchi zenye hospitali nzuri kuliko zetu. Hayatokei kwa wengi, lakini yakitokea, mara nyingi ni baada ya mgonjwa kwenda nyumbani. Mgonjwa anaruhusiwa baada ya wiki moja hivi kama hakuna tatizo. Usaha haufuati ratiba ya wadi.

Kwa miaka mingi watu wa Nairobi tumevaa tisheti za Mater Heart Run tukakimbia ili watoto wapasuliwe moyo, na ni jambo jema. Harambee ya mama nayo ilijaa kwenye kundi la WhatsApp kwa siku tisa. Jaribu sasa kuomba watu wachangie bandeji, plasta na nauli ya kwenda kuoshwa kidonda. Nilijaribu. Nilipata dole gumba saba na shilingi 500.

Ninachotaka si kikubwa. Uingereza, katika hospitali za Royal Brompton na Harefield zinazoshughulika na moyo na mapafu, walibuni utaratibu wa kupiga picha mshono wa mgonjwa siku anayotoka na kumpa picha hiyo, pamoja na maelezo ya jinsi ya kuutunza na mahali pa kupiga simu akiwa na wasiwasi. Basi. Ukifika nyumbani una kitu cha kulinganisha nacho: hivi ndivyo ulivyokuwa, je, leo ukoje? Nesi wa mtaani naye ana pa kuanzia. Hakuna mashine ya kuagiza kutoka ng'ambo hapo. Hapa kwetu kila mgonjwa anatoka wadini na mtu mwenye simu ya kamera, na hata yule wa kutuma picha ya sima kila mchana anajua kutuma picha ya mguu. Kinachokosekana ni upande wa pili: namba moja ya simu, na nesi mmoja mwenye saa mbili kwa siku za kuzifungua hizo picha na kusema huyu angoje, huyu aje leo. Nauliza kwa mhasibu yeyote wa hospitali anayesoma hapa: siku sita za kitanda cha mama na mshahara wa nesi wa saa mbili, kipi ghali?

Sikungoja jibu. Mama alipotoka hospitalini mara ya pili nilianza mwenyewe: kila asubuhi baada ya kuoga, karibu na dirisha, bila taa, picha moja ya kifua na moja ya mguu, na kando ya mshono naweka rula ya shule ya binti yangu. Picha zipo kwenye simu hadi leo, 94, zimechanganyika na gaskiti na betri za wateja. Siku moja nilimtumia mteja wa Toyota picha isiyo yake. Alinijibu kwa pole, akaniuliza ni nani ameumia.

Sasa ni mwezi wa tano tangu apasuliwe. Mkoba wa mama umerudi begani mwake na Biblia ndani. Mguu umefunga. Kifuani, juu kabisa karibu na koo, kovu limetutumka kama kamba na linamwasha. Kliniki wamesema ni keloidi, ngozi zetu zinazipenda na kifua ndio uwanja wake, haina hatari. Jumapili iliyopita shangazi alikuja na jani la shubiri limefungwa kwenye gazeti, akaanza kulimenya. Mama akajifunga leso hadi kidevuni, akamwambia aketi kwanza anywe chai, kijana akitoka kazini apige picha ndipo wazungumze habari ya majani.