Amekunywa kiasi gani?

Wiki iliyopita niliwatumia ndugu zangu wa Goma, mashariki ya Kongo, video ya ndoo nyeusi yenye waya wa umeme. Ni ndoo ya farasi, na chini yake mna hita ili maji yasigande. Jibu la kwanza lilikuja mara moja: "Huko hata farasi anapashiwa maji, na sie je?" Neno hilo lilinikaa moyoni. Nataka kulijibu, kwa sababu kazi hii ya kutunza farasi naifanya mwaka wa nne sasa, hapa Alberta, Kanada, na imenifundisha jambo kuhusu maji ambalo kwetu sikuwahi kulifikiria.

Farasi mkubwa hunywa lita 25 hadi 45 kwa siku. Hizo ni bidoni zetu za njano (madumu ya lita 20) mbili, kasoro au na zaidi. Wakati wa baridi malisho yamefunikwa, anakula nyasi kavu tupu, kwa hiyo maji yote lazima ayapate kwenye ndoo. Asipokunywa, chakula kinakauka tumboni na kuziba utumbo, na msokoto wa tumbo wa namna hiyo unaweza kumuua. Nilipofika nilisema moyoni: si theluji imejaa kila mahali, atalamba? Kumbe theluji nyepesi ndoo kumi zikiyeyuka unapata kama ndoo moja ya maji, na joto la kuiyeyusha linatoka mwilini mwake mwenyewe. Maji yaliyo karibu kuganda anayanywa kidogo tu. Yakiwa vuguvugu anakunywa hasa, na kila anapomeza masikio yake yanacheza. Nimezoea kusimama pale kuyatazama.

Mwaka wangu wa kwanza kulikuwa na farasi jike mmoja wa kahawia. Baridi ilikuwa imefika digrii 30 chini ya sifuri. Ndoo yake imejaa, haina hata utando wa barafu, nami nikapita. Siku ya pili kinyesi chake kilikuwa kidogo, kigumu kama mawe. Nikamwambia bosi, mzee mtulivu sana, kwamba maji anayo. Akaniuliza: "Amekunywa kiasi gani?" Sikujua. Tukarudi tukamwangalia. Aliinamisha kichwa, pua ikagusa maji, akaruka nyuma. Waya ulikuwa umechubuka na umeme ulivuja kidogo majini. Mimi mwenye glavu na viatu vya mpira ningeusikia wapi? Daktari wa mifugo alikesha naye usiku ule, akapona. Tangu hapo kila ndoo ina alama ya chaki, na jioni naandika kila mmoja amekunywa hadi wapi.

Sasa rudi Goma. Sisi pia tumezungukwa na maji. Ziwa Kivu liko pale, mtu analiona akiwa barazani kwake, na bado mama anaamka saa kumi usiku kushuka ufukweni Kituku na bidoni, au anamlipa mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, ampandishie. Mabomba ni taabu kuyapitisha kwenye mawe ya volkano, na Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 mitaa mingi ilibaki na robine kavu. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walikufa kwa kipindupindu kwa maelfu, na ziwa liko hapo hapo. Kuona maji si kuyanywa.

Ndiyo maana sikubali tuseme farasi wa Kanada kachukua haki ya mtoto wa Goma. Farasi hajatunyang'anya kitu. Anacho ambacho mtoto wetu hana: mtu anayeulizwa kila jioni, na akikosa jibu anarudi kuangalia. Kwetu huyo mtu ni nani? Kwenye mtaa, nani anajua nyumba ya tano imepata bidoni ngapi leo, na ngapi zimetiwa dawa? Wakubwa wakija kuzindua tanki hupiga picha nalo likiwa limejaa. Warudi miezi mitatu baadaye waulize waliokunywa.

Na sisi tulio ng'ambo tuna sehemu yetu. Tukipiga simu tunauliza, "Mumekula?" Tunatuma pesa za unga, za shule, za msiba. Nimepiga simu miaka mitatu bila kuuliza hata siku moja wamekunywa maji gani. Ninaona aibu ya kweli, kwa sababu farasi wa mtu mwingine nilikuwa namwandikia lita.

Jumapili nikamuuliza yaya, ndugu yangu mkubwa. Alinyamaza kidogo, akadhani kuna mgonjwa. Halafu akahesabu: bidoni tatu kwa watu saba. Mbili ni za kufulia na kuoga, ya kunywa ni moja, ya ziwani, imetiwa klorini pale pale ufukweni na vijana wenye sindano za kupimia dawa. "Saa ngapi?" "Sasa hivi, mtoto ndiyo anaingia nayo." Dawa ile inataka nusu saa kabla mtu hajanywa. Nikamwomba aifunike, asikate simu, tukaongea mambo mengine mpaka muda ukafika.