Udongo wa Jiko na Kanzu ya Ijumaa

Haya, mimi ndiye. Yule "mkwe wa Kondoa aliyemlisha mzee wake matope" anayezungushwa kwenye makundi yenu ya WhatsApp ni mimi mwenye akaunti hii, na udongo bado uko kwenye kucha. Aliyerekodi ile sauti ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Muda mwingi anacheka tu, kusimulia ni kidogo, ndiyo maana wengi mmeelewa nusunusu. Kuna aliyeniandikia kunipa pole ya msiba!

Mzee, yaani baba mkwe wangu, ni mzima. Hakuanguka, shemeji kaongeza chumvi. Na sikumlenga, naapa. Hayo mengine yote yaliyosemwa ni kweli, na kuna ambayo shemeji hakuyasema kwa sababu hakuwepo, alikuwa kisimani. Na hapo kisimani ndipo balaa lilipoanzia.

Kwa wale wageni humu: ukweni kwangu ni Pangani, ng'ambo ya mto, ukishuka kwenye kivuko upande wa Bweni unaendelea mbele kidogo. Mama mkwe alikuwa na jiko la mabati uani. Mnalijua jiko la mabati saa saba mchana, unaiva wewe kabla ya wali. Akasema anataka jiko la udongo, la fito na makuti, kama la mama yake. Mke wangu akaniangalia. Mimi, badala ya kunyamaza na kutuma hela ya fundi kama wakwe wenye akili zao, nikasema, "Mama, udongo ni kazi yetu sisi."

Sisi nani? Sisi watu wa tembe. Jioni ile jamvini nilitembea na tembe mpaka chai ikapoa. Nikaeleza kwamba kwetu nyumba huwa fupi na paa lake huwa bapa, unapanga magogo na fito juu, unatandika udongo, ng'ombe wanalala uani katikati, upepo wa Dodoma unapita juu haukugusi. Baba mkwe akauliza mvua ikinyesha inakuwaje. Nikasema kwetu mvua yenyewe kwa mwaka ni kama milimita 600. Akasema Tanga inapita 1,200. Hapo mtu mwingine angeona taa nyekundu. Mimi nikamletea historia: "Baba, hata Livingstone alikaa kwenye tembe, pale Kwihara, Tabora, mwaka 1872."

Mzee akanywa chai yake taratibu. "Akafa 1873," akasema.

Basi kazi ikaanza. Niwe mkweli, fremu haikuwa yangu. Nguzo alizisimika shemeji na vijana wa jirani. Ni za mkaratusi, maana boriti za mkoko siku hizi ukizikata bila kibali utalala ndani. Fito zikafungwa safu mbili, za ndani na za nje, na katikati kuanzia chini wakatomea mawe mpaka usawa wa kiuno. Juu ya kiuno mawe yalikuwa hayajafika, fito tupu, unaona mpaka kwenye mnazi wa jirani. Shikeni hapo.

Udongo ulikuwa mwekundu, wa kichuguu, mtamu kabisa. Ukiuviringisha kidole kizima haukatiki. Na ndiyo shida ya udongo wa namna hiyo. Ukilowa unafura, ukikauka unanywea, na ukinywea wenyewe unapasuka mpaka nyoka anapita. Dawa yake ni nyasi kavu zilizokatwakatwa. Zinaushika udongo, na ukipasuka basi unapasuka vinywele vingi badala ya ufa mmoja wa aibu. Tukachimba shimo, tukamwaga maji, tukakanyaga kwa miguu mpaka magoti yakagoma, tukafunika turubai ulale.

Hapo ndipo Kondoa ikanipanda kichwani. Bibi yangu alisiriba nyumba yake kwa mavi ya ng'ombe maisha yake yote, kuta zake ziling'aa, na aliswali mle mle juu ya mkeka wake. Yanagandisha udongo, yana unyuzinyuzi mlaini, mvua ya rasharasha haiukwangui ukuta. Nilishamdokezea shemeji, akasema, "Huku hatutii." Hakusema kwa nini. Nami sikuuliza, maana mtu wa tembe hamuulizi mtu wa makuti.

Alfajiri, kabla watu hawajaamka, nikaenda kwenye zizi la mfugaji mmoja pale nyuma, nikarudi na ndoo imejaa pomoni. Nikaimwaga shimoni, nikakanyaga peke yangu gizani. Mtu mzima, baba wa watoto, nachanganya mavi ukweni kwa siri.

Shemeji alipofunua turubai akarudi nyuma. "Mbona unanuka hivi?"

"Umechachuka," nikamwambia. "Umelala na nyasi."

Na ni kweli udongo ukilala na nyasi unachachuka unanuka! Ndiyo maana aliniamini. Uongo wenye robo ya ukweli ndani ni hatari sana, wadau.

Sasa namna ya kukandika, kwa mliozaliwa kwenye tofali. Mnakuwa wawili, mmoja ndani, mmoja nje, mmeelekeana. Kila mtu ana donge mkononi. Mnahesabu, mnapiga sehemu moja kwa wakati mmoja, madonge yanakutana katikati yanakumbatia fito, ukuta unapatikana. Lazima upige kwa nguvu, ukibembeleza halishiki. Na mwenzio asipopiga, donge lako halina wa kukutana naye, linapita zake. Mimi nilikuwa ndani, shemeji nje. Tulienda vizuri asubuhi yote, na kwa vile shemeji ni wa kutaniwa, nilikuwa namtupia donge na neno. Mvivu wewe. Mla bure wewe. Yeye ananirudishia, tunacheka, kazi inasogea.

Ilikuwa Ijumaa. Saa sita ikakaribia. Jua lilikuwa limeelemea upande wa nje, kwa hiyo mimi ndani naona kivuli tu cha mtu nyuma ya fito. Kivuli kikatoka. Sikujua kwamba maji yameisha na shemeji kaenda kisimani, hakuaga. Nikainama shimoni kuchota. Nikainuka, kivuli kiko palepale.

Naomba nisimulie taratibu, maana kichwani mwangu ndivyo kinavyojirudia, usiku hasa.

Donge lilikuwa kubwa. Mikono miwili, nyasi zinaning'inia pembeni. Nikakiambia kivuli, kwa sauti ya mtu aliyezoea: "Wewe mla bure! Achama mdomo leo nikulishe, maana kazi huiwezi, kula tu ndiyo unajua!"

Kivuli hakikujibu. Kikainama, kikasogeza uso karibu na fito, kama mtu ambaye hakusikia vizuri.

Nikapiga.

Nililiona likienda. Kati ya fito ya tatu na ya nne likamegeka: kipande kidogo kikabaki kwenye fito, kikashika barabara, na hiyo ndiyo kazi bora niliyoifanya siku ile. Kipande kikubwa kikaendelea na safari. Kikasikika *pwaa*. Halafu kimya, hata kuku waliacha kupekua.

Kwenye tundu lile nikaona jicho moja. Liko wazi, linapepesa. Chini ya jicho, sharubu nyeupe, na kwenye sharubu unyasi mmoja unacheza kwa pumzi ya mtu. Chini ya sharubu, kanzu. Nyeupe, imepigwa pasi, udi unanukia mpaka ndani nilipo. Kumbe mzee alipitia kuona jiko limefikia wapi kabla ya kwenda msikitini. Na kwenye kidevu kipande cha udongo kilikuwa kinaamua. Kikaanza kushuka. Hakikuanguka kama udongo wa watu wengine. Kiliteleza, polepole, kikapita kwenye tarizi ya shingo, kikapita kifungo cha kwanza, kikasimama kidogo kwenye mfuko kupumzika, kikaendelea. Mimi nakitazama. Mzee naye anakitazama. Hakuna aliyeongea mpaka kikafika mwisho wa kanzu na kuangukia kandambili.

Ndipo mdomo wangu, bila kunishauri, ukasema: "Shikamoo, baba."

Akajibu! Mtu aliyelelewa ni mtu aliyelelewa. "Mrhbb," akasema, mdomo umejaa.

Akatema kiganjani, kwa adabu, akakitazama alichokitema. Sasa mjue, yule mzee ujana wake alikuwa fundi wa nyumba hizihizi, nusu ya kijiji kaikandika yeye. Akausaga udongo kwa vidole viwili. Akaunusa. Akaunusa tena.

"Mkwe wangu. Humu mna nini?"

"Udongo, baba."

"Na?"

"Na nyasi."

"Na?"

"Baba, kwetu Kondoa marehemu bibi..."

"Kondoa sijakuuliza. Na?"

Jasho linanitoka hadi kwenye vifundo vya miguu. Nikaangalia shimo, nikaangalia ndoo, ndoo ya mama mkwe ile. "Na mavi ya ng'ombe, baba."

Kwa mliokuwa mnauliza kwenye maoni kwa nini mzee asipanguse tu aende zake: Pwani watu ni wa madhehebu ya Shafii, na kwa Shafii mavi ya ng'ombe ni najisi. Huwezi kusimama nayo kwenye swala. Kanzu ni ya kuvuliwa, mwili wa kuoshwa, mdomo wa kusukutuliwa vizuri. Ndiyo ile "huku hatutii". Na muda huo huo shemeji akatokea na madumu ya maji, akaelewa hali kwa kutazama tu, akataka kuniokoa, Mungu amlipe kwa nia yake. Akasema, "Lakini baba, kwa madhehebu ya Maliki mavi ya mnyama anayeliwa ni twahara, si najisi."

Mzee hakugeuka. Unyasi bado uko kwenye sharubu. "Maliki yuko wapi hapa?" akauliza. "Sisi Shafii."

Akaenda bafuni kwa mwendo wa kawaida kabisa. Afadhali angekimbia.

Sasa kitu ambacho shemeji kakisahau kwenye ile sauti: mzee ndiye muadhini. Mimi niko nyuma ya fito, nimeshika kichwa kwa mikono ya matope, nasikiliza spika ya msikiti ikiwa kimya. Kimya kikaendelea. Mama mkwe akatoka ndani na kanzu nyingine, akanipita bila neno. Halafu kipaza sauti kikakwaruza, ikatoka sauti nyembamba ya mtoto wa madrasa, inapanda, inakatika, inapanda tena. Kijiji kizima kikajua kuna jambo. Swala ilipoisha, wanaume wote waliona ni vyema wapitie uani "kumpongeza mama kwa jiko". Wakanisalimia mmoja mmoja. Kila mmoja alichungulia kwenye lile tundu, kwa mbali.

Yaliyofuata ni ya haraka. Ukuta ulibanduliwa wote, maana mama mkwe alisema hawezi kupikia futari ndani ya najisi. Udongo ukaenda kwenye migomba, na migomba nasikia imefurahi. Mawe na fito tuliviosha kwa maji mengi. Tukachimba udongo mwingine, nyasi peke yake, mzee amekaa juu ya kiti pembeni anaangalia kila kinachoingia shimoni. Tukakandika upya, mara hii mimi niko nje na shemeji ndani, na kabla ya kila donge nilikuwa naita jina na kusubiri kuitikiwa. Jiko limesimama, limepigwa chokaa, ndani kuna ubaridi, nyufa ni za kawaida. Nimenunua kanzu mpya Tanga mjini, yenye tarizi nzito, nikaituma kwa basi kwa sababu kuipeleka mwenyewe nimeona haya.

Mke wangu hajanigombeza. Ila sasa nikimweleza jambo lolote, nimechelewa kwa sababu ya foleni, hela imeishia kwenye mafuta, anakunja mikono, anasubiri nimalize, halafu anauliza: "Na?"

Msimlaumu mzee, na wala msinitumie tena ile sauti, ninayo kutoka kwa watu ambao hata siwajui. Jana mama mkwe kapiga. Kanzu imemkaa vizuri. Mzee ananisalimia, na anasema choo nacho kinataka kuta, kwa hiyo nije mwisho wa mwezi. Udongo umeshachimbwa na kukanyagwa, umefunikwa turubai, na usiku anaulinda yeye mwenyewe.