Somo la malezi likiingia kliniki, Tabora tutalibebaje?

Jumatano ni siku ya kliniki ya watoto katika zahanati moja ya Wilaya ya Uyui, hapa mkoani Tabora, ninayoipita mara kwa mara. Mzani unaning'inia kwenye tawi la mwembe. Akina mama wamekaa kwenye benchi, wengine kwenye kanga walizotandika chini, kadi mkononi. Mtoto anavishwa ile suruali ya kupimia, analia, uzito unasomwa, unaandikwa, anaitwa anayefuata. Mama mmoja alifika saa mbili asubuhi, akahudumiwa ikikaribia saa sita. Alichoambiwa na muuguzi ni haya tu: "Uzito umeshuka. Mwongezee uji." Akafunga mtoto mgongoni, akaondoka.

Hapo ndipo serikali inapotaka malezi yapate nafasi. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inalenga mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8 apate kwa pamoja afya, lishe, ulinzi, ujifunzaji wa awali na malezi yenye mwitikio. Kwa lugha ya barazani: mzazi afundishwe kuzungumza na mtoto, kucheza naye, kumsikiliza na kumrekebisha bila kumwumiza, na mafunzo hayo yapitie kwenye huduma ambazo mwananchi tayari anazifuata.

Mimi naunga mkono, na sababu yangu kubwa ni fimbo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kuwa karibu watu 3 kati ya 4 walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Waliotajwa sana ni jamaa wa familia na walimu, yaani watu ambao mtoto anapaswa kuwakimbilia.

Wanaopinga nao wana hoja, na wengi wao ni wazee ninaowaheshimu. Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliniambia, "Mwanangu, nimelea saba bila semina, na wote wanajitegemea. Mcha mwana kulia hulia yeye." Anaogopa serikali kuingia hadi jikoni, na anaogopa mama kijana kufundishwa na mtu wa kuja asiyejua Kinyamwezi wala jinsi kaya zetu zinavyoishi. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Hata hivyo, ukimsikiliza akisimulia alivyolelewa, unakuta bibi aliyewakusanya wajukuu jioni kwa vitendawili, akiwasifu kwa majina yao ya utani. Sehemu kubwa ya hayo mafunzo ndiyo hiyo hiyo. Kilichobadilika ni kaya: baba yuko machimboni, mama shambani, bibi yuko kijiji kingine. Anayeshinda na mtoto wa mwaka mmoja ni dada yake wa miaka tisa. Darasa linalomwita mama peke yake linamwacha mlezi huyo nje.

Je, mafunzo yenyewe yanasaidia? Afrika Kusini, katika Jimbo la Eastern Cape, familia 552 zenye vijana zilifuatiliwa katika maeneo 40, na baadhi yake zikapata vipindi 14. Miezi kadhaa baadaye wazazi waliopata mafunzo walieleza kupiga kwao kumepungua sana kuliko wengine. Tusisahau kwamba hayo ni maelezo ya wazazi wenyewe, na mtu aliyefundishwa kuwa kupiga ni vibaya anaweza kusita kukiri. Tena, matatizo ya tabia ya vijana hayakuonyesha tofauti. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2023 likipendekeza mafunzo ya aina hii, nami naona msingi upo. Lakini asitokee mtu wa kuwaahidi wazazi kwamba mtoto atanyooka ndani ya wiki 14.

Kwetu kuna kikwazo cha msimu. Urambo, Kaliua na Sikonge ni tumbaku. Majani yakianza kuvunwa, kuni zinachomwa mabanini, yaani kwenye vibanda vya kukaushia tumbaku, usiku na mchana, watoto wanafunga majani, wazazi wamechoka na madeni ya pembejeo yanawasubiri. Mzazi aliyelala kwa saa tatu tu ndani ya siku mbili ukimwambia ahesabu hadi kumi kabla ya kukasirika, umemwongezea lawama tu. Ndiyo maana wanaosema umaskini utangulie kushughulikiwa wana ukweli. Ila siamini kwamba mtoto asubiri tumbaku ipande bei.

TASAF, mfuko wa serikali unaozipa kaya maskini ruzuku, wengi wanaiona kama njia rahisi, kwa kuwa kaya zinakutana siku ya malipo. Sawa, wakutanishwe hapo, lakini hudhurio la darasa lisifanywe sharti la ruzuku. Mtu atakaa kwenye benchi akiwaza hela, na asiyefika atanyimwa chakula cha mtoto yule yule tunayemtetea.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii ndio ninaowategemea zaidi. Mpango wao ulizinduliwa Januari 2024 kwa lengo la kuwa na wahudumu 137,294 nchi nzima. Wanaingia majumbani, wanamkuta baba, wanamkuta na yule dada wa miaka tisa. Lakini tukiwabebesha chanjo, malaria, lishe, kifua kikuu na sasa malezi, bila baiskeli wala posho inayofika kwa wakati, malezi yatabaki kwenye fomu.

Na kuna jambo ambalo serikali lazima ijijibu yenyewe. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni bado zinaruhusu hadi viboko vinne. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo haikufuta fimbo ya nyumbani. Inakataza tu adhabu iliyopita kiasi. Mama akiuliza, "Mwalimu mbona anampiga?", mhudumu atasema nini?

Kwa hiyo ningependa halmashauri ianze na vitongoji vichache vya Urambo, mwezi Julai, tumbaku ikiwa imetoka mabanini. Vipindi viwe jioni, kwa Kinyamwezi na Kiswahili, akina baba na walezi wadogo wakiwemo. Walimu wa shule ya jirani wakae darasa hilo hilo. Na siku ya kupima matokeo, waulizwe watoto, kila mmoja peke yake, mzazi akiwa mbali.