Mstari mmoja usimhukumu kima

Kila likizuka wazo la kuhamisha kima punju, yaani kima mwekundu wa Zanzibar, kama walivyopelekwa msitu wa Ngezi kule Pemba miaka ya 1970, swali la kifua kikuu halikwepeki. Jibu linalopendwa siku hizi ni kipimo cha haraka cha kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya vimelea: kaseti (kijisanduku cha plastiki chenye utepe wa kupimia), damu kidogo, dakika 20. Kipimo chenyewe hakina ubaya. Ubaya ni kumkatia mnyama shauri kwa mstari mmoja.

Kima hulazwa kwa dawa ya usingizi, ketamini, damu ikachotwa mshipa wa paja. Kwa kaseti iliyozoeleka zinatiwa mikrolita 30 za seramu au plazma (majimaji ya damu) au damu nzima, kisha matone 3 ya maji yake. Mstari wa pili ukitokea, hata uwe umefifia vipi, ni chanya. Mstari wa kwanza, wa udhibiti, ndio unaoonyesha kuwa kaseti inafanya kazi; usipotoka, tupa kaseti. Ukisoma baada ya saa nzima, hilo si jibu tena. Hapa kwetu kuna na unyevu: pakiti ikifunguliwa mapema, utepe unaharibika kabla ya kazi. Boksi lililosahauliwa garini juani nalo lisitumike. Damu iliyoanza kuganda hukwama kitunduni, haipandi.

Shida kubwa ni kingamwili zenyewe. Huchelewa kutokea, kwa hiyo aliyeambukizwa karibuni, au ambaye vimelea vimelala mwilini, anaweza kutoka hasi. Na tuseme kima ni 100, mgonjwa mmoja, na kipimo kinakosea wazima 3 katika kila 100: utapata chanya nne hivi, tatu za uongo. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza vipimo vya kingamwili vya namna hii visitumike kutambua kifua kikuu kwa binadamu. Kwa kima wa maabara aina ya rhesus afadhali kidogo, maana ugonjwa huwaendea mbio na kingamwili zikawa nyingi. Kima punju si rhesus, na takwimu za rhesus hazimhusu.

Kwa hiyo kaseti iende pamoja na tubakulini, sindano ya protini za vimelea vya kifua kikuu inayovimbisha ngozi ya aliyeambukizwa: mililita 0.1 ndani ya ngozi ya ukope wa juu, isomwe saa 24, 48 na 72. Ukope kwa sababu uvimbe unaonekana hata mnyama akiwa tunduni, bila kumlaza tena. Chota damu kwanza, tubakulini baadaye, isije ikapandisha kingamwili. Akitoka chanya atengwe, na makohozi yaoteshwe maabara, kazi ya wiki kadhaa.

Ila siku tatu tunduni kwa mla majani huyu ni hatari peke yake. Wale wa msitu wa Jozani, Unguja, wasioenda popote, waachwe. Nyani wa Kenya waliougua miaka ya 1980 waliupata ugonjwa kwenye jalala, kwa mabaki ya nyama ya ng'ombe wagonjwa. Ugonjwa huwafikia kupitia watu, kwa hiyo upande wa watu ndiko kwa kuanzia. Mtembezaji wageni anayekohoa wiki mbili apimwe makohozi. Hilo halihitaji bunduki ya sindano wala kumwangusha kima kutoka mtini.