Kwa nini kasoro za Career Mode husubiri foleni

FIFA 20, gemu ya soka ya kampuni ya EA, ilipotoka Septemba 2019, wapenzi wa Career Mode, wale wanaofundisha klabu moja misimu na misimu bila kukutana na mtu mtandaoni, waliona vituko. Timu kubwa zinazoendeshwa na kompyuta zilikuwa zinapanga wachezaji wa akiba hata kwenye mechi za ligi, na vigogo wakajikuta chini kwenye msimamo. Unasuka kikosi, unajiandaa kumkabili bingwa, naye anakuletea watoto wa akademia. Alama ya #FixCareerMode ikasambaa Twitter, na EA ikatoa marekebisho baadaye.

Malalamiko yalikuwa kwamba kasoro za mtandaoni hurekebishwa kwanza, za Career Mode zikisubiri foleni. Lawama zilielekezwa kwenye fedha, na si bure. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2020, Ultimate Team, sehemu ya mtandaoni ambako watu hulipia pakiti za wachezaji wa kujengea kikosi, iliiingizia EA takriban dola bilioni 1.49 kutoka gemu zake za michezo, zaidi ya robo ya mapato yote ya kampuni. Career Mode, ukishanunua gemu, haikudai hata senti.

Lakini wanaotetea foleni hiyo wana hoja nzito. Mtu akigundua njia ya kujizalishia sarafu za ndani ya gemu mtandaoni, bei za soko zima zinavurugika kabla hakujakucha, na wanaoumia ni mamilioni ambao hawajafanya kosa. Mara nyingi hitilafu ya namna hiyo inazibwa kwenye seva zenyewe, mchezaji asipakue chochote. Ya mchezaji wa peke yake ina tabu nyingine. Inajitokeza msimu wa nne, kwa mtu mmoja, baada ya usajili fulani na mkopo fulani. Fundi hana faili la mchezo wake lililohifadhiwa, kwa hiyo inabidi kwanza aifanye kasoro ijirudie mbele ya macho yake. Akishaitibu, sasisho la konsoli linapita kwenye ukaguzi wa Sony na Microsoft, wenye PlayStation na Xbox.

Hata hivyo, fedha haielezi kila kitu. GTA Online, gemu ya mtandaoni na mgodi wa fedha wa kampuni ya Rockstar tangu 2013, kwenye kompyuta ilikuwa ikichukua dakika kadhaa kufunguka. Mwaka 2021 mtaalamu mmoja wa programu asiye mwajiriwa wa kampuni alichungulia ndani akakuta gemu inasoma orodha ya vitu kama 63,000, na kwa kila kitu inaanza kupima upya urefu wa maandishi yote yaliyobaki. Aliporekebisha kwenye kompyuta yake, muda wa kusubiri ukapungua kwa karibu asilimia 70. Rockstar ilikiri, ikamzawadia dola 10,000, na Machi mwaka huohuo ikatoa sasisho. Kinachochekesha ni kwamba orodha yenyewe ilionekana kuwa ya bidhaa za kununuliwa ndani ya gemu! Duka lenyewe ndilo lililokuwa likiwachelewesha wateja mlangoni.

Kwa maoni yangu, kinachopanga foleni ni uvumilivu wetu. Watu wa GTA Online waliendelea kusubiri na kulipa, basi kasoro ikaachwa ilale. Wa Career Mode walikuwa wameshalipa tangu siku ya kwanza, ndiyo maana ilibidi wapige kelele.

Tena mpango mzima wa "tutarekebisha baadaye" unadhani kila mtu ana intaneti ya kutosha. Kijana wa Tandika au Kisumu aliyenunua diski ya mkono wa pili, na bando lake haliwezi kubeba sasisho la gigabaiti kadhaa, anabaki na kasoro ileile iliyochapwa kwenye diski.

Seva zikianguka au soko likivurugwa, mtandaoni kutangulie, sina ugomvi. Ila kasoro inayoharibu faili lililohifadhiwa ingepewa uzito uleule. Aliyepotelewa na vitu mtandaoni anaweza kurudishiwa, kwa kuwa kumbukumbu ziko kwenye seva za kampuni. Faili la misimu kumi lililokuwa kwenye konsoli yako tu likiharibika, huduma kwa wateja hawana pa kulitoa.